Sufuria Isiyooshwa

Nyumba ya serikali haipokewi kwa maneno. Hupokewa kwa orodha. Inspekta alikuwa ameishika kanuni hiyo kwa miaka ishirini na miwili, katika vituo saba, wala hakuona sababu ya kuilegeza kwa ajili ya mji mdogo wa pwani wenye barabara moja ya lami, ghala moja na gati lililoliwa na kutu. Hivyo Jumamosi ile waliyoshuka melini, mkewe angali amesimama barazani na mtoto mchanga mgongoni, mizigo yao ingali juu ya rukwama, yeye alipita chumba kwa chumba na karatasi mkononi, akihesabu. Vitanda vya chuma, viwili. Meza, moja. Viti, vinne, kimoja, mguu mbovu. Makomeo ya milango, matatu. La mlango wa nyuma, jipya.

"Afande, hapa watu hutia sahihi tu," alisema Sajini, aliyekuwa akimfuata hatua mbili nyuma. "Kiti kina miguu minne, lakini sijapata kukiona kinakimbia."

"Kilichohesabiwa hakikimbii, Sajini. Kisichohesabiwa hukimbia."

Sajini alicheka kwa adabu. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye viatu vilivyong'aa kupita desturi ya mji wa mchanga. Kwa muda wa miezi sita alikuwa amekishika kituo peke yake. Askari wawili waliobaki walikuwa wageni, wameshuka meli moja na Inspekta mwenyewe. Aliwapokea wote gatini, akabeba mzigo mzito kuliko wote, akampa binti wa Inspekta, msichana wa miaka minane, kofia yake aivae njia nzima.

Binti huyo sasa alikuwa amesimama kwenye mwimo wa mlango wa chumba cha watoto, kisogo kimegusa ubao, mkono juu ya utosi. Kwenye ubao ule palikuwa na mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, kama ngazi.

"Baba, njoo uone! Huyu mtoto tunalingana!"

"Mtoto gani?" aliuliza Inspekta.

"Wa Karani wa Forodha," alijibu Sajini. "Ndio waliokuwa wakikaa humu. Yeye, mkewe na binti yao mmoja. Karani aliacha kazi, wakapanda meli wote watatu. Hii ni wiki ya saba."

Inspekta aliitazama mistari ile. Wa juu kabisa haukuwa umefifia hata kidogo. Kisha akarudia kazi yake, akatia sahihi kwa wino, akaandika saa.

Barua ilifika Jumatano. Ilitoka kwa kaka yake Karani, mwalimu wa shule ya msingi huko bara, mwenye mwandiko wa kunyooka.

"Mdogo wangu," aliandika, "aliniarifu kwamba ameona shehena zikitoka ghalani bila mhuri wa forodha, na kwamba amekwisha kupeleka habari kwa mtu wa serikali. Baada ya hapo alinyamaza. Naambiwa walisafiri kuja kwangu. Hawakufika, Bwana Inspekta. Mke wangu bado huweka sahani tatu zaidi mezani. Nimemkataza, haachi."

Inspekta aliigeuza bahasha. Kifuniko chake kilikuwa kimekunjamana, na gundi imekauka kwa matabaka mawili.

"Hewa ya bahari," alisema Sajini kutoka mezani kwake, ambako barua zote za kituo hupokelewa kwanza. "Hapa hata stempu hujibandua zenyewe."

"Hawa watu walisafiri kweli?"

Sajini alikwenda kabatini, akarudi na orodha ya abiria iliyonakiliwa vizuri. Majina matatu yalikuwapo, la baba, la mama na la mtoto. Alisubiri Inspekta amalize kusoma, ndipo akaongeza, kwa sauti ya mtu asiyependa kusengenya:

"Kama kuna wa kuulizwa, afande, ni fundi seremala mmoja tunamwita Msumari. Alitukanana na Karani hadharani wiki ile ile. Na asubuhi ya safari, watu walimwona kwenye baraza yako. Yaani, ya Karani."

Inspekta aliliandika jina la Msumari, akalipigia mstari chini.

*

Ijumaa asubuhi walikwenda ghalani. Katika mji ule mtu mmoja alivaa kofia tatu: ndiye aliyetunza ghala, ndiye aliyekata tiketi za meli, na ndiye aliyepiga kengele ya kuondoka. Watu walimwita Kufuli, kwa ajili ya shada la funguo lililoning'inia kiunoni mwake, nalo lilimtangulia kwa sauti popote aendapo.

Inspekta alimwekea ile orodha juu ya pipa.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Wangu, mzee, pamoja na ubaya wake."

"Hawa watatu, uliwaona wakipanda?"

"Niliwaandika."

"Sikuuliza kuandika. Nimeuliza kuona."

Kufuli alijikuna shingo. "Mzee, meli ina haraka, kengele inaningoja, na mimi Mungu kanipa mikono miwili tu. Majina yaliletwa kwa karatasi, nikayanakili. Ukiniuliza nani aliandikwa, nitakujibu hata usingizini. Ukiniuliza nani alipanda, hilo ni la meli na bahari."

"Karatasi hiyo iko wapi?"

"Hapa karatasi haizeeki. Nadhani nilifungia tumbaku."

"Nani aliileta?"

Funguo zililia kidogo, ingawa Kufuli hakuondoka mahali pake. Alimtazama Inspekta, akayatupa macho upande wa Sajini, kisha akayashusha sakafuni.

"Asubuhi ile ilikuwa na kazi nyingi," alisema. "Sikumbuki."

Makasha ya Karani, yaliyoachwa ghalani siku ya safari, yalikuwa kwenye pembe ya ndani, chini ya turubai. Yalikuwa manne, ya mbao mpya, yamepigwa misumari kwa nafasi sawasawa, kila moja na namba yake ya rangi nyeupe. Mwenye mali alikuwa aandike barua ili yatumwe kwake. Hakuandika.

"Fungua," alisema Inspekta.

"Mali ya mtu, afande? Bila idhini yake?"

"Nina barua ya kaka yake. Anza na namba moja. Toa kitu kimoja kimoja, ukipange sakafuni kwa mfuatano. Mimi nitaandika."

Sajini alichukua mtaimbo mdogo wa ghalani, akavua koti, akaanza. Wakati misumari ikilia, mkewe Inspekta aliingia akiwa na watoto. Alikuwa amekuja kutafuta kasha lao la mwisho, lililochelewa meli.

"Karibu, shemeji!" Kufuli alimkimbilia, kana kwamba ameokolewa. "Kasha lako limefika salama kuliko mimi mwenyewe."

"Likiwa na kikombe kimoja kilichovunjika, shemeji, nitakuhesabu na wewe kuwa umevunjika," alijibu. Kisha akayaona yale yaliyopangwa sakafuni, akasogea.

Kasha la kwanza lilikuwa la jikoni. Juu kabisa palikuwa na vikombe; chini ya vikombe, pasi; chini ya pasi, chupa za viungo na kopo la chumvi, kifuniko hakikufungwa. Sajini aliinama mpaka kiunoni, akainua jiko la mafuta ya taa. Chini yake, kitako cha kasha kikionekana, palikuwa na sufuria.

Mwiko ulikuwa umesimama ndani yake wenyewe. Sajini alijaribu kuuchomoa. Sufuria nzima ikainuka pamoja nao. Uji ulikuwa umekauka ukawa jiwe, juu una manyoya ya kijani, pembeni mweusi kwa kuungua. Harufu yake ilipanda, na binti akaziba pua.

Mkewe Inspekta hakuziba pua. Aliichukua sufuria, akaigeuza, akatazama chini yake.

"Haikuoshwa," alisema.

"Haraka ya meli, mama," alisema Sajini. "Mwanamke akiwa na haraka husahau."

"Sajini, wewe huna mke, kwa hiyo nakusamehe." Alisema bila tabasamu. "Baba watoto, hii ilikuwa juu ya kasha au chini?"

"Chini kabisa. Ndiyo iliyotangulia kuingia."

"Katika kasha la kwanza?"

"La kwanza."

Mtoto mgongoni alijinyonganyonga, naye mama akambembeleza kwa kiganja bila kugeuka.

"Nimehama mara saba nikikufuata," alisema hatimaye. "Kinachotangulia ni saa ya ukutani, picha, vyombo vya wageni, vile ambavyo mtu anaweza kukaa wiki mbili bila kuvigusa. Matandiko hufuata, asubuhi ya safari. Na sufuria ni ya mwisho, kwa kuwa hata siku ya kuondoka watoto lazima wale. Huoshwa, huanikwa, hubebwa mkononi. Siku ukiniona naosha sufuria mchana, kabla sijapika, usiniulize, ujue nahama. Huyu aliyefunga hapa, kitu chetu cha mwisho ndicho kilichokuwa chake cha kwanza. Hakuwa na haja ya kula tena katika nyumba ile, wala ya kumlisha mtu."

Funguo za Kufuli zilikuwa zimenyamaza kabisa.

"Endelea, Sajini," alisema Inspekta.

Kasha la pili, la tatu, la nne. Inspekta aliandika kila kitu kwa mfuatano wake. Katika la tatu, katikati ya shuka za kitanda kidogo, Sajini alitoa viatu vya shule vya msichana, jozi moja, na soksi zimekunjwa ndani yake, jinsi mtoto anavyoambiwa aziweke anapokwenda kulala. Jozi nyingine haikuonekana katika kasha lolote.

"Viatu vyangu hivyo!" alisema binti, akanyoosha mguu kupima. Mama yake alimvuta mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Sajini alijifuta jasho. "Mke wako amesema kweli tupu, afande. Basi ni yule Msumari. Makasha ni yake, misumari ni yake, na ugomvi ni wake. Nikamlete?"

"Nitamwendea mwenyewe. Wewe wasaidie kupakia kasha letu kwenye rukwama, kisha urudi kituoni."

*

Inspekta hakwenda kwa fundi. Alikwenda kwanza nyumbani, peke yake, akafungua mlango wa mbele, akasimama kizingitini na orodha ya makasha mkononi.

Katika siku sita walizokaa humo alikuwa amekwisha kuzisoma kuta. Chokaa ilikuwa ya zamani, na kila kilichowahi kutundikwa au kuegemezwa kiliacha sura yake: duara jeupe la saa, mistatili miwili ya picha, mstari wa rafu ya vitabu, na sakafuni, vishimo vinne vya miguu ya cherehani. Wahenga walinena kwamba nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Hii alikwisha kulala ndani.

Alianzia mlango wa mbele, akaenda kwa mkono wa kulia. Saa, cherehani, vitabu. Akatazama orodha. Haikulingana: saa ilikuwa katika kasha la pili, tena juu. Alijaribu mkono wa kushoto. Haikulingana vilevile. Alisimama kidogo katikati ya chumba, kisha akapita kwenye ujia, akaingia jikoni, akafungua mlango wa nyuma, akatoka nje na kuingia upya, kama mtu anayefika.

Mkono wa kulia wa mlango ule, sakafuni, palikuwa na doa la mafuta ya taa na masizi ukutani: jiko. Sufuria ilikuwa juu yake. Hatua moja mbele, alama ya rafu: chumvi, chupa za viungo. Pembeni, meza ya kupigia pasi: pasi. Karibu na ujia, vijimisumari sita vya kutundikia vikombe: vikombe sita. Kasha la kwanza lilikuwa limekwisha. Akapita ujia, akaingia chumba cha mbele, mkono wa kulia. Cherehani. Vitabu. Picha. Picha. Saa. Kasha la pili. Akaingia chumba cha watoto, mkono wa kulia: kitanda kidogo, shuka, viatu. Akaingia chumba cha wazazi. Katika vitu mia moja na kumi na tisa, hakuna hata kimoja kilichoruka zamu yake.

Kila mtu hufunga mizigo kwa akili yake. Mama hufunga kwa kutazama safari, na fundi kwa kutazama ukubwa wa vitu. Mwizi hutazama thamani. Lakini kuingia katika nyumba ya watu na kuikusanya kuanzia mlangoni, kwa mkono wa kulia, bila kuruka kitu, hayo hayatoki kwa mama wala kwa fundi wala kwa mwizi. Ni somo la juma la pili katika chuo cha polisi. Mkufunzi wa Inspekta aliwaimbisha kwa fimbo: "Anzia ulipoingilia, fuata kulia, usiruke kitu!" Ndivyo askari anavyoorodhesha vielelezo. Akilishika somo hilo, halimtoki hata akiorodhesha jambo ambalo hapendi lijulikane.

Inspekta alipiga magoti mbele ya mlango wa nyuma. Komeo lilikuwa jipya. Mbao iliyolizunguka ilikuwa imepasuka, ikajazwa nta, ikapakwa rangi juu. Alikwangua kwa ukucha. Nta ikatoka, na mpasuko ukaonekana, umeingia ndani.

Wiki saba zilizopita, katika mji huu, palikuwa na mtu mmoja tu aliyepitia chuo cha polisi.

*

Karakana ya Msumari ilikuwa nyuma ya duka la kamba, mwendo wa dakika tano. Alikuwa mwembamba, mwenye miaka hamsini hivi, naye alizungumza na misumari minne mdomoni kama mwingine anavyozungumza na kijiti cha meno. Alipomwona Inspekta akaitema kiganjani.

"Shikamoo, mzee, maana cheo ni umri. Umekuja kunisukuma? Kazi haisukumwi."

"Marahaba. Wewe na Karani mligombana. Kwa nini?"

"Alisema mlango wa kabati lake umepinda. Nikamwambia kilichopinda ni shingo yake. Hapo watu wakacheka, naye akakasirika. Lakini alikuwa na haki, mzee. Ulipinda kweli. Mbao mbichi." Alikuna ubao kwa kidole. "Nilitaka kumtengenezea upya. Sikuwahi."

"Asubuhi ile ulikuwa kwenye baraza yake."

"Nilipeleka makasha. Manne, matupu. Nikayashusha baraza ya mbele, nikapiga hodi mara tatu. Hakuna aliyeitika. Moshi wa jikoni ulikuwa ukitoka, na harufu ya uji unaoungua. Nikajisemea, basi, hata hodi yangu wameninunia. Nikaenda zangu."

"Hukuzunguka mlango wa nyuma?"

"Mtu aliyenuniwa huzunguka nyuma kufuata nini?"

"Karani ndiye aliyekuagiza makasha hayo?"

"Kwa karatasi."

"Karatasi ya nani?"

Msumari alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mzee, mbona waniuliza kama hujui? Karatasi zenu hizo hizo. Zenye mhuri wa kituo. Nikafikiri serikali inamsaidia mtumishi wake kuhama, nikaona vizuri. Kama ile yako."

"Yangu?"

"Yako ya juzi. Ndiyo nasema usinisukume. Matatu tayari, la nne ndilo nalipigia randa."

Akavuta gunia lililokuwa limetandazwa ukutani. Makasha matatu ya mbao mpya yalikuwa yamesimama pale, yamepangwa, vifuniko vimeegemezwa. Msumari aliokota karatasi katikati ya maranda, akaipuliza vumbi, akaikabidhi. Mhuri ulikuwa wa kituo. Tarehe ilikuwa ya Jumatano, siku ilipofika barua. "Kwa matumizi ya Inspekta na familia yake, wanaohama," ilisema. "Makasha manne. Vipimo kama vya Karani. Yawe barazani Jumamosi alfajiri."

Jumamosi ilikuwa kesho.

Inspekta aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni pamoja na barua.

"Fundi, weka randa chini. Askari wangu wawili vijana wako gatini. Nenda kawaambie waje nyumbani kwangu sasa hivi, kwa mlango wa mbele, wala wasipitie kituoni. Kisha usirudi hapa mpaka nikutume mtu."

"Na makasha?"

"Yaache."

Msumari aliiweka randa chini. Akaondoka bila hata kufunga mlango.

Inspekta hakukimbia. Katika mji mdogo, mkubwa wa polisi akionekana anakimbia, mwenye hatia huwa wa kwanza kupata habari. Alitembea kwa hatua ndefu, akawaitikia watu salamu zao, akapita rukwama tupu iliyokuwa ikirudi gatini.

*

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Kasha lao la mwisho lilikuwa limeshushwa katikati ya chumba. Sajini alikuwa amesimama karibu na dirisha, daftari mkononi, viatu vinang'aa. Na mbele yake binti, penseli sikioni kama karani mkubwa. Juu ya kiti chenye mguu mbovu ulilala ule mtaimbo wa ghalani. Kutoka jikoni zilisikika sauti za vyombo na wimbo wa kumbembeleza mtoto.

"Shikamoo, Baba! Tunahesabu vitu vyetu! Sajini amesema kituoni wanataka orodha."

"Marahaba. Nilikwambia urudi kituoni, Sajini."

"Nilipita mara moja tu, afande. Wewe mwenyewe umetufundisha: kisichohesabiwa hukimbia."

"Tumeanzia jikoni, Baba," binti aliendelea, "kwa mkono wa kulia, bila kuruka kitu. Tumefika arobaini na moja."

Inspekta alipita kati yao taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka kofia. Aliuchukua mtaimbo kitini. Akaenda akasimama kwenye mdomo wa ujia unaoelekea jikoni, na alipogeuka, alikuwa ameuziba wote kwa mabega yake. Alisogea kidogo, upana wa mtoto mmoja.

"Nenda kwa mama yako," alimwambia binti. "Mwambie aoshe sufuria."

"Lakini ndiyo kwanza anaitia maji apike..."

"Mwambie baba amesema aioshe. Mkaioshe pamoja."

Binti alimrudishia Sajini penseli kwa mikono miwili, kwa adabu aliyofundishwa, akapita chini ya mkono wa baba yake.

Wimbo wa jikoni ulikatika. Kisha maji yakamwagwa nje, yote kwa mara moja. Komeo jipya likavutwa. Na nyayo, kubwa na ndogo, zikapita upande wa dirisha, zikafifia mchangani.

Tabasamu la Sajini lilikuwa bado mahali pake, ila hapakuwa na mtu nyuma yake tena. Naye alikuwapo ghalani. Naye alisikia maana ya kuosha sufuria mchana.

"Mke wako ana maneno, afande," alisema.

"Anayo." Inspekta alitoa daftari kwa mkono wa kushoto, akalifungua ukurasa mpya, akalilaza juu ya kasha. Mtaimbo ulibaki katika mkono wa kulia. "Karani alikuletea habari za ghala, kwa kuwa wewe ndiwe uliyekuwa serikali hapa. Siku ile uliingia kwa mlango wa nyuma, uji ukiwa motoni. Ulikusanya vitu mia moja na kumi na tisa, na hukukosea hata kimoja, chuo kingejivuna. Lakini nyumba hii ilikuwa na watu watatu. Nimesoma orodha yako kutoka juu hadi chini, siwaoni. Uliwaandika wapi?"

Barazani, hatua za viatu vizito zilikuwa zikikaribia, jozi mbili, za vijana wanaokimbia. Sajini alizisikia. Alilifunga daftari lake polepole, akalinyoosha pembe iliyokunjika.

"Vitu ndivyo huandikwa, afande," alisema kwa ile sauti yake ya upole. "Watu sikuwaandika."

Inspekta akatazama saa yake. Ilikuwa saa nane na dakika kumi mchana. Akaandika.